Karani wa Mizani

Shairi langu halina mizani. Msinihesabie silabi.
Nimepima vya kutosha katika maisha haya:
miaka ishirini na sita ghalani Kirua,
magunia ya kahawa kwenye ndoano,
kalamu sikioni, wakulima foleni,
nami nikisoma mshale kwa sauti
kama msomaji wa Injili.

Juzi Aikande kapiga simu kutoka Moshi mjini.
"Baba, wamenipa nishani."
Ya nini?
"Ya kupima protini."
Nikamuuliza, kilo ngapi?
Akacheka mpaka salio likaisha.

Jumamosi alipanda kuja nyumbani, mvua imemshika njiani,
akanieleza huku miguu yake imo kwenye beseni la maji moto.
Yeye si daktari. Si mkemia. Ni mhandisi wa umeme.
Hospitali ilimwajiri atengeneze majokofu ya damu,
na kwenye kona ya maabara akaikuta mashine ya msaada
imefunikwa shuka, imekufa tangu iliposhushwa,
panya wamezalia kwenye nyaya zake.
Aliifufua mwaka mzima, baada ya saa za kazi.

Ndani yake, anasema, mna bomba refu lililonyonywa hewa yote.
Unaipiga molekuli kwa mwanga, inaruka.
Nyepesi inatangulia, nzito inachelewa,
na kuchelewa kwake ndiko uzito wake.
(Mama yake, kwa ibada ya kwanza, angekuwa tani.)

Lakini zile kubwa hazikuruka. Zilipasuka.
Miezi minane mwanangu alipima makombo.

Ikaja Pasaka. Umeme ukakatika Alhamisi,
sampuli ikasahaulika kwenye kisahani, dirisha la kivulini.
Jumanne akaikuta imekauka yenyewe, polepole,
punje zimelala sawasawa
kama kahawa iliyoanikwa na mtu asiye na haraka.
Mwingine angeimwaga, akaosha kisahani.
Yeye alikulia kando ya vitanda vya waya;
anajua kinachokaushwa kwa pupa hupasuka.
Akaitia mashineni.

Ikaruka nzima.

Kwenye andiko la kwanza jina lake lilikuwa la tano,
nyuma ya madaktari wanne ambao hawajui fyuzi iko wapi.
Nishani ndiyo iliyomtaja peke yake.

Alipomaliza nilinyamaza. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa.
Mwaka ule wa bei nzuri, mwenyekiti alinivuta pembeni ya ghala,
akanionyesha skrubu moja nyuma ya mshale.
"Ilegeze kidogo. Nusu kilo kwa gunia. Nusu kilo ni vumbi."
Nililegeza. Misimu mitatu.
Ada yake ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye vumbi hilo.
Wajane walisimama mbele yangu, nikawasomea uongo,
wakanijibu: asante, karani.

Sikumwambia. Nilitaka tu kumfurahisha.
Nikasema, hebu nami nikuonyeshe mashine yangu.
Ile mizani waliniachia nilipostaafu, inaning'inia jikoni.
Alikuwa ameleta mchele, mfuko wa kiwandani, mshono haujaguswa,
kilo ishirini na tano kwa herufi nyekundu.
Nikautundika. Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Kwa mazoea nikafungua kinywa nisome kwa sauti,
kikabaki wazi.

Ishirini na nne na nusu.

Aliutazama mfuko. Akautazama mshale.
Akanitazama mimi, si kwa muda mrefu,
muda wa kitu kizito kufika mwisho wa bomba.
Kisha akaingiza mkono mkobani,
akaisogeza nishani kando na kiboksi chake,
akatoa bisibisi.

"Shika hapa, Baba," akasema.

Nikashika.